Kuchagua Rola ya Rangi

Fedha ya kupaka rangi shule yetu ni mchango wa wazazi, na wengine wao waliuza kuku ili waitoe; basi hatuthubutu kuipoteza. Watu wengi hudhani kwamba rola zote ni moja, kumbe sivyo. Ukuta laini wataka manyoya mafupi, yapata milimeta 6. Lipu ya kawaida, 10 hadi 13. Matofali yenye mashimo, 18 au zaidi. Maana manyoya mafupi hayafiki shimoni, nayo marefu huacha vipele juu ya ukuta laini. Kwa rangi ya maji twachagua manyoya ya nailoni au poliesta, kwani sufu ya kondoo hunyonya maji ikashikamana. Sufu yafaa rangi ya mafuta. Basi tuupapase ukuta kwanza, ndipo twende dukani.