Bati Lililovuja na Amana Tuliyoisahau

Sisi tuandikao haya ni mume na mke, wapangaji wa vyumba viwili katika mlima wa Bugarika, jijini Mwanza. Waijuao Mwanza wanajua jinsi nyumba zetu zilivyopandana juu ya mawe, na jinsi mvua za vuli zinavyoshuka kwa kasi kuelekea Ziwa Victoria. Vuli iliyopita, maji hayo yalianza safari yake ndani ya chumba chetu.

Mwenye nyumba wetu ni bibi mjane aishiye Kirumba. Tulimwarifu mwezi Oktoba kwamba bati linavuja. Akasema, "Wanangu, nivumilieni, fundi atakuja." Fundi hakuja. Tukatega beseni, kisha ndoo, kisha tukalihamishia godoro la watoto chumba cha mbele. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye kifua chake hakistahimili baridi, akaanza kukohoa. Usiku mmoja wa Novemba, tukiwa tumemkalisha wima hadi alfajiri ili apate pumzi, tuliamua kutongoja tena.

Kulipopambazuka tuliita fundi. Bati tatu zilitugharimu shilingi 84,000, mbao na misumari 26,000, na ufundi 30,000, jumla 140,000. Kodi yetu ni 60,000 kwa mwezi, nasi hulipa miezi sita kwa mkupuo. Ilipofika Januari tulimtumia Bibi 220,000 kwa simu badala ya 360,000, bila ya kumweleza neno. Tulijiona tumechukua haki yetu.

Jioni ile alitupigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Wanangu, mbona mmenikata bila kuniambia?" Tukamjibu kwa ukali kwamba sababu anaijua. Siku chache baadaye jirani alitupasha habari kwamba fedha ile ndiyo iliyokuwa inunue sare, viatu na madaftari ya mjukuu wake yatima, na kwamba shule zilipofunguliwa mtoto yule alibaki nyumbani.

Tulikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, tukitumaini atatuondolea uzito ule. Akatueleza kwamba katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu Afrika Mashariki, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj at-Talibin kuwa matengenezo ya nyumba iliyopangishwa ni juu ya mwenye nyumba. Akiharakisha kutengeneza, vyema. Asipofanya hivyo, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Humo humo imeelezwa kwamba kuondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kusafisha uwanja ni kazi ya mpangaji. Mwanza hakuna theluji, lakini tulimwelewa.

Akaongeza kwamba sheria ya nchi haiko mbali na hayo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote.

Tukafurahi. Ndipo akatuuliza, "Hiari mliyopewa na wanazuoni ni ya kubaki au kuondoka. Hii ya kukata fedha ya mtu bila ya ridhaa yake mmeitoa wapi?" Hatukuwa na jibu. Akauliza tena, "Na ninyi, mmeharibu nini?" Tukakumbuka koki ya uani iliyovunjwa na wanetu, ambayo Bibi aliibadilisha kwa 15,000 bila ya kutudai, na mfereji tuliouziba kwa taka zetu. Ustadhi akatukumbusha kuwa nyumba ni amana mkononi mwa mpangaji: iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida hadaiwi, lakini aliyoiharibu kwa uzembe hulipa.

Tulikutana naye nyumbani kwa Bibi, Ijumaa baada ya sala. Tulianza kwa kuomba radhi. Naye akakiri kwamba fundi hakumwita kabisa, kwa kuwa hakuwa na cha kumlipa na aliona haya kutuambia. Tukasamehe shilingi 15,000 za koki, zikabaki 125,000. Tukakubaliana zikatwe 65,000 katika miezi sita hii na 60,000 katika ijayo, nasi papo hapo tukamrudishia 75,000. Jumatatu yake mjukuu alikwenda shule.

Makubaliano hayo tuliyaandika mbele ya mashahidi wawili, kwa kuufuata mwongozo wa Suratul-Baqara, aya ya 282, juu ya kuandika madeni. Tuliongeza mambo manne: paa, kuta na choo ni juu ya Bibi, koki, taa na usafi wa mfereji ni juu yetu, kila hitilafu itaarifiwa siku ile ile, na matengenezo ya dharura yatafanywa baada ya kukubaliana bei, kwa risiti.

Karatasi moja imebaki kwa Bibi, nyingine tumeiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto. Masika yamekuja na bati halivuji. Kila Jumamosi tunazibua mfereji na wanetu, na kodi ikikaribia tunakwenda Kirumba kwa miguu yetu kuipeleka, tumjulie hali Bibi. Wabillahi tawfiq.