Vishada vya Nyota juu ya Mwakitolyo

Washairi wetu wa mwambao aghalabu wamezitaja nyota kwa umoja. Mpenzi ni nyota, kiongozi ni nyota, na jina la mtu likivuma husemwa nyota yake imewaka. Hata zinapotajwa kwa wingi, huwa ni wingi wa kutawanyika, mfano wa shanga zilizokatikiwa na uzi. Kundi moja tu ndilo lililopata jina na heshima yake, nalo ni Kilimia, ambalo wakulima walilitazamia mvua na manahodha wakalitia katika hesabu za safari. Waarabu huliita Thuraya, na kwa jina hilo mabinti wengi wa Unguja na Pemba wameitwa.

Lakini Kilimia, kwa hesabu ya falaki ya leo, ni kitoto. Nyota zake zina umri wa kiasi cha miaka milioni mia moja, na zimeshikana kwa ulegevu tu. Baada ya muda zitapoteana kama watoto waliotoka skuli. Ninalotaka kulisimulia hapa ni kundi la aina nyingine: nyota laki kwa malaki zilizosongamana pamoja katika umbo la tufe, zenye umri wa miaka bilioni kumi na mbili hivi, ambazo hazikuachana tangu siku zilipozaliwa. Makundi ya namna hii yaliyokwisha kujulikana katika mkusanyiko wetu wa nyota hayazidi sana 150. William Herschel, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, ndiye aliyeyapa jina lake la kitaalamu mwaka 1789, kwa sababu ya umbo lile la tufe. Sisi hatuna jina. Nilipoanza kuyapiga picha nikayaita, kwa ujinga wa kutafsiri palepale, "makundi ya duara", na wale niliokuwa nikiwaambia wakanielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Mwakitolyo, duara ni shimo la dhahabu. Kundi la duara ni wale wanaoshuka pamoja, wanaochanga mafuta ya jenereta na magogo ya kuzuia kuta, na wanaogawana viroba vya mawe siku yakipatikana.

Mwakitolyo ni kijiji cha Wilaya ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, na wachimbaji wadogo ndio waliokifanya kitajwe mbali. Mimi nilifika huko kumfuata kaka yangu mwuza nguo, maana hakuna rashi ya dhahabu isiyokuwa na Mpemba mwenye duka. Nikafungua studio ya picha: pasipoti, picha za vitambulisho, na za kijana aliyepata fedha jana anayetaka kusimama mbele ya pazia lenye ghorofa na ndege. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa kamera na lenzi ya milimita 200 ambayo mchana haina shughuli. Darubini sina.

Kwa mtazamaji wa nyota, mahali pale pana tunu ambayo matajiri wa Ulaya hawawezi kuinunua wakiwa kwao. Tuko chini ya nyuzi nne kusini ya ikweta, na kwa hiyo mbingu yote, ya kaskazini na ya kusini, hutupitia. Usiku wa katikati ya Juni, yapata saa tatu kasoro, Omega Centauri, kundi kubwa kuliko yote katika mkusanyiko wetu, husimama kusini katikati ya upeo na utosi. Mtu wa London halioni maisha yake yote. Likiwa bado halijazama, upande wa kaskazini hupanda lile liitwalo M13, ambalo mwaka 1974 wanasayansi walilipelekea ujumbe wa redio kutoka Arecibo, Puerto Rico. Jibu, kama lipo wa kujibu, litachukua zaidi ya miaka elfu arobaini kurudi. Usiku ukikomaa, buruji ya Akrabu na ya Kausi huwa karibu na utosi, na humo makundi haya yamejaa kuliko pengine popote. Kwa kujaa huko, Harlow Shapley alitambua mwaka 1918 kwamba Jua letu haliko katikati ya mkusanyiko wa nyota kama ilivyodhaniwa: katikati ni huko Kausi yanakosongamana, na sisi tuko kando. Ni jambo la ajabu kuusimamia ushahidi huo kwa miguu yako mwenyewe, shingo ikikuuma, katika shamba la pamba iliyokwisha kuvunwa.

Maana kijijini penyewe hapafai. Makarasha husaga mawe usiku na mchana, na taa zake, na vumbi lake, hulifanya anga la juu yake kuwa rangi ya chai ya maziwa. Hupanda bodaboda kilomita tano hadi mbugani.

Shida ya pili ni kwamba dunia inazunguka. Kwa lenzi ile, kamera ikitulizwa juu ya stendi, baada ya sekunde mbili tatu kila nyota imekwisha kuwa mstari. Kwa hiyo ilinipasa kutengeneza chombo ambacho wapenzi wa nyota wasio na fedha wamekitumia kwa miaka mingi: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, ya chini imefungwa, ya juu imebeba kamera, na baina yao bolti ya milimita sita inayoisukuma ile ya juu polepole. Hesi za bolti hiyo zimeachana milimita moja. Ukiitia milimita 229 kutoka kwenye bawaba, ukaizungusha mzungusho mmoja kila dakika, ubao huinuka kwa mwendo uleule wa nyota. Seremala alipima mara tatu na kuniuliza mara nne kwa nini isiwe 230.

Bawaba lazima ielekee kwenye ncha ya mhimili wa dunia. Manahodha wetu waliijua nyota ya jahi, inayokaa penye ncha ya kaskazini, wakaitaja katika dira yao pamoja na Suheli na Thuraya. Ila jahi walikutana nayo walipokwisha kuvuka ikweta kuelekea Uarabuni. Kwetu imezama. Ncha ya kusini iko juu ya upeo, lakini kwa nyuzi tatu na ushei tu, ndani ya vumbi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Basi bawaba yangu imelala karibu sawa na ardhi, na kusini nikaitafuta kwa njia ya waadhini wa zamani. Mwezi Juni Jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo fimbo iliyosimamishwa wima hutupa kivuli chake kusini, na kinapokuwa kifupi kuliko vyote, hiyo ndiyo zawali na huo ndio mstari. Nikaufuata mstari hatua mia, nikapigilia kigingi. (Kilinitia taabu kigingi hicho. Kwa siku mbili watu walikuja kukichunguza wakidhani ni alama ya leseni ya madini.)

Usiku, ili nikione, mtu husimama penye kigingi na tochi. Mtu huyo alikuwa kijana mmoja mchimbaji, mteja wangu wa pasipoti, ambaye siku za zamu ya mchana hakuwa na la kufanya jioni. Nilikuwa napiga picha moja ya kupimia bawaba, yeye akiwa amesimama na tochi yake chini ya anga. Kisha hurudi, huketi juu ya kiroba, na kuzungusha bolti kwa kuhesabu kimoyomoyo. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu. Sekunde thelathini, picha. Sekunde thelathini, picha. Kwa usiku mmoja tulizipata themanini, mia.

Picha moja peke yake haioneshi kitu cha kujivunia: ukungu mdogo wenye chenga. Lakini ukizipanga mia katika programu ya kompyuta, nyota juu ya nyota, uchafu ambao kila picha ilikuja nao kwa bahati hupungua mara kumi, na kilichokuwapo kweli hubaki. Kugumu ni katikati. Ukiiacha kamera ipokee nuru ya kutosha kwa nyota za pembeni, kiini huungua kikawa doa jeupe. Ukikihurumia kiini, pembeni hupotea. Kwa hiyo nilipiga mafungu mawili, ya sekunde thelathini na ya sekunde tano, na kuyachanganya. Asubuhi moja Omega Centauri ikafunguka. Ptolemaio wa Iskandaria aliiandika kuwa nyota moja, na kwa jicho tupu ndivyo ilivyo. Edmond Halley aliitazama kutoka kisiwa cha Mtakatifu Helena mwaka 1677 akaona kwamba si nyota ya kawaida. Ni nyota kiasi cha milioni kumi, na nuru yake imesafiri miaka elfu kumi na saba hivi. Katikati yake jirani na jirani wako umbali wa sehemu ya kumi tu ya mwaka wa nuru, ilhali jirani wa karibu wa Jua letu yuko zaidi ya miaka minne. Mwaka 2024 wataalamu walichapisha kwamba nyota saba za humo zinakwenda mbio kupita kiasi, dalili kwamba zinazunguka shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara 8,200 au zaidi.

Kijana yule aliitazama picha ile muda mrefu. Akasema ni kama karai baada ya zebaki kuokota. Kisha akauliza, kama ambavyo angeuliza mtu yeyote wa pale: "Sasa huko, Mpemba, dhahabu ipo?"

Sijapata kuulizwa swali zuri zaidi juu ya nyota. Jibu la haraka ni kwamba ni haba sana. Nyota za makundi haya zilizaliwa wakati ulimwengu ulikuwa bado maskini. Wataalamu huita metali kila kilicho kizito kuliko heli, na katika kundi la M15 chuma hakifikii hata sehemu moja ya mia ya kilichomo katika Jua. Lakini dhahabu ya Mwakitolyo nayo haikuzaliwa Mwakitolyo. Miamba ya ukanda wa Geita na Shinyanga ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na dhahabu iliyomo ilikuwapo kabla ya dunia kuwapo. Njia mojawapo ya kuzaliwa kwake ilishuhudiwa tarehe 17 Agosti 2017, ziliponaswa habari za nyota mbili za nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Katika mgongano wa namna hiyo hufuliwa dhahabu, platini na ndugu zao. Na ndani ya M15, kundi lile maskini, imo jozi ya nyota za nyutroni zinazozungukana kila baada ya saa nane hivi, zikikaribiana. Zitagongana baada ya miaka milioni mia mbili na ushei.

"Kwa hiyo ipo njiani," akasema. Nikamwambia ndiyo, ipo njiani.

Masika yaliyofuata duara alimokuwa akifanya kazi lilititia. Alitolewa siku ya tatu.

Mama yake alikuja studio pamoja na mjomba wa marehemu. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba baba," akakaa, akasema anataka picha ya mwanawe iliyo kubwa. Nilizo nazo zilikuwa za aina mbili: ile ya pasipoti, amevaa koti la studio, na hizi za kupimia bawaba, zipatazo arobaini, ambazo ndani yake yeye ni kivuli kidogo na cheche ya tochi, na juu yake anga lote la kusini. Nikamwonesha zote. Mama akaitazama moja ya zile za usiku, akauliza yuko wapi. Nikamgusia kwa kidole. Akachagua ya pasipoti, kwa sababu uso unaonekana na koti limemkaa. Mjomba akaomba moja ya usiku kwa ajili yake mwenyewe, akataka nijaribu kuing'arisha ili sura itokee. Nilijaribu. Sura haimo, kulikuwa na giza, na tochi ilikuwa ikinielekea mimi.

Picha hizo arobaini programu haizitumii kwa lolote, maana si za kundi lo lote la nyota. Ninazo.

Siku hizi bolti naizungusha mwenyewe. Umeme umesambaa zaidi, mitambo ya kuoshea marudio imeongezeka, na kilomita tano zimekuwa saba. Nimebakiza 47 Tucanae, kundi la pili kwa kung'aa baada ya Omega Centauri, lenye kiini kikali na chenye kuungua upesi. Linapanda chini chini upande wa kusini, kimo cha nyuzi ishirini na mbili tu, na mwisho wa Agosti hufika kileleni yapata saa nane na nusu za usiku, wima juu ya kigingi. Mwenye shamba hakuking'oa. Akilima huwapitisha ng'ombe kando yake, na mwaka jana aliniuliza kama nakihitaji bado.