Iguguno na Albamu Yangu ya Wanariadha

Kila mtu ana kitu ambacho hakikosi kwenye begi lake la safari. Kuna anayebeba manukato, kuna anayebeba mto wake mwenyewe, na kuna yule ambaye chaja tatu bado hazimtoshi. Mimi hubeba albamu. Si ya picha za harusi, hapana. Ni albamu ya kadi za wanamichezo, kadi 41 kwa jumla, na zote nimezitengeneza kwa mkono wangu.

Najua unacheka. Lakini Marekani kadi za namna hii ni utajiri. Mwaka 2022, kadi moja ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zama za mababu, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7. Mimi kadi ya kuchapwa ya mkimbiaji wa Tanzania nimeitafuta mpaka nikachoka. Basi nakata picha gazetini, nabandika kwenye kadibodi yenye ukubwa wa karata, na nyuma naandika jina, mji, mwaka na muda aliokimbia. Thamani yake sokoni ni sifuri. Thamani yake kwangu, subiri.

Desemba 2025 albamu hiyo ilisafiri nami hadi Iguguno, kwao mume wangu. Haikuwa safari ya Krismasi tu. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi Dar es Salaam ilikuwa imepunguza wafanyakazi, na yeye alikuwa na wazo moja lililokataa kutoka kichwani: kurudi nyumbani, kulima alizeti na kufunga mashine ya kukamua mafuta. Marafiki zetu walishatoa hukumu. Mtu akirudi kijijini, walisema, ujue mjini kumemshinda. Mimi nilitaka kwanza nikapaone mahali penyewe.

Njiani

Kama wewe na mwenzi wako mnapanga safari hii, ushauri wangu ni huu: pandeni treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi linalokwenda Mwanza kupitia Singida. Mtapita Manyoni, mtapita Ikungi, halafu yataanza mawe. Mawe ya Singida si mchezo! Makubwa kuliko nyumba, yamekaa juu ya mengine kama mtu aliyapanga akasahau kuyarudia. Ukiufikia mji unaliona Ziwa Singidani, na upepo unakupokea kabla ya wenyeji.

Kutoka hapo ni chini ya saa moja kwa barabara ya lami iendayo Nzega. Iguguno ni kata ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Iramba. Usitegemee hoteli ya ghorofa. Hapa pana barabara kuu, maduka, bodaboda zinazosubiri abiria, na mashamba yanayoanzia nyuma ya nyumba ya mwisho. Ukisimama kando ya barabara unaona malori yakipita usiku kucha. Ukiingia ndani hatua mia mbili tu, unasikia kuku na upepo, basi.

Chakula cha kwanza kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Mama mkwe alinitazama nilivyoumega, akatabasamu. "Karibu nyumbani, mwanangu." Nikajua nimefaulu mtihani wa kwanza.

Wa mwisho anakaa wa kwanza

Jioni ya pili watoto wa nyumbani waliigundua albamu. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Shangazi, Samatta yumo?" Yumo, tena na mwaka 2020 alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Binti mmoja wa miaka 12 akauliza lake: hakuna mwanamke wa Singida? Nikamfunulia Zakia Mrisho, Helsinki 2005, fainali ya mita 5,000 ya mashindano ya dunia. Waethiopia walichukua nafasi nne za mwanzo, na Zakia wetu akamaliza wa sita. Yule binti aliishika ile kadi mpaka wakati wa kulala.

Baba mkwe alikuwa kimya kwenye kiti chake. Akanyoosha mkono nikampa albamu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akageuza kadi, akasoma maandishi ya nyuma kwa tochi ya simu.

"Mwanangu, huyu si alikuwa wa mwisho?"

"Ndiyo, Baba."

"Na umemweka wa kwanza?"

Ni John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu. Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, akaumia goti na bega. Walioanza mbio zile za marathoni walikuwa 75, waliomaliza 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, giza limeshaingia, goti limefungwa bandeji, watu wachache wamebaki. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake likaizunguka dunia: nchi yake haikumtuma kote kule ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Miaka miwili baadaye alikuwa wa tano kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Hiyo nusu ya pili ya habari yake watu wengi hawaijui.

Baba mkwe akafunua ukurasa unaofuata. Filbert Bayi, ambaye ana kadi tatu. Ya kwanza ni Christchurch, 2 Februari 1974: mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na nyuma yake John Walker wa New Zealand. Ya pili ni Montreal 1976, na haina picha. Tanzania iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa Walker. Kadi ya tatu ni Moscow 1980. Bayi alirudi, lakini si kwenye mita 1,500. Aligeukia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha kwenye mita 5,000. Mpaka leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hizo kadi anazifahamu, ameziona miaka yote ya ndoa yetu. Lakini usiku ule aliuliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza: "Kwa hiyo Bayi alibadilisha mbio?"

"Alibadilisha mbio. Hakuacha kukimbia."

Hakuna aliyeongeza neno. Mzee alikohoa, akafunua ukurasa.

Kijana wa Singida

Kadi ya mwisho ilikuwa bado inanukia gundi. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu huu. Fuata mwendo wake nyuma ya kadi: wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, wa 17 Olimpiki ya Paris 2024. Wangapi walishasema amekwisha? Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, akamfikia Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti ikawa sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

"Huyu tunamjua," alisema Baba, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani.

Kesho yake tulikwenda shambani. Mvua ilikuwa imeanza, udongo umelainika, jirani wanapanda. Mume wangu alitembea mstari hadi mstari akipima kwa hatua, mabega yamenyooka, na mimi nikakumbuka kwamba huyu ndiye mwanamume niliyeolewa naye. Jioni tuliketi na kalamu: gharama ya mbegu, ya mashine, ya umeme, nauli zangu za kwenda na kurudi Dar, maana kazi yangu nabaki nayo kwanza. Tukakubaliana misimu miwili ya alizeti, kisha tunahesabu tena pamoja.

Hatujui tutamaliza wa ngapi. Wapenzi wasomaji, hakuna ndoa inayojua. Mkipita Iguguno, shukeni mnunue asali na kuku wa kienyeji, na mkimwona bwana mmoja anayepima shamba kwa hatua, msalimieni. Picha yake nimeshaikata. Kadibodi ipo tayari, na nyuma nimeandika jina na mahali tu. Muda nitaujaza baadaye.