Salamu za Pasaka

Mwaka 1933, karibu na Pasaka, Erwin Panofsky alikuwa profesa mgeni mjini New York alipoletewa simu ya maandishi kutoka Ujerumani. Ilikuwa ndefu, kwa Kijerumani, nayo ilimwarifu kuwa ameondolewa katika kazi yake ya uprofesa wa historia ya sanaa huko Hamburg, kwa kuwa alikuwa Myahudi. Simu hiyo ilifungwa kwa ukanda wa karatasi ya kijani uliochapwa salamu za kheri za Pasaka, hidaya ya kampuni ya simu kwa wateja wake. Miaka ishirini baadaye aliyasimulia haya kwa mzaha, kama wafanyavyo aghalabu watu waliokwishalia faraghani.

Mwaka 1935 alipata makao Princeton. Kazi yake ilikuwa kuuliza picha za kale zinasema nini. Katika picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, ya mume na mke walioshikana mikono, mshumaa mmoja unawaka mchana kweupe. Panofsky hakukubali kuwa ni mshumaa tu. Aliuona kuwa ishara ya Mungu anayeshuhudia kiapo cha ndoa. Waliokuja baadaye wamempinga, wengine kwa hoja nzito, lakini hata hao hawakuweza kuupita mshumaa ule bila kuutazama.

Vitabu vyake vikubwa vya ugenini aliviandika kwa Kiingereza. Alikiri kwamba Kijerumani kilimwachia mwanachuoni nafasi ya kujificha nyuma ya maneno mazito, ilhali lugha ya ugenini ilimdai aseme akusudiacho. Watunzi wa mashairi wanaujua ukali huo: mizani haina huruma na neno la ziada.

Hata hivyo, kitu kimoja kilibaki nyuma: utafiti wake juu ya Michelangelo, uliompa haki ya kusomesha Hamburg mwaka 1920. Aliamini umepotea, akafariki mwaka 1968 akiamini hivyo. Mwaka 2012 ulipatikana Munich, ndani ya kasha la chuma, katika jengo lililokuwa la chama cha Nazi kisha likawa taasisi ya historia ya sanaa, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Ludwig Heinrich Heydenreich, mwanafunzi wa Panofsky mwenyewe. Ulichapishwa mwaka 2014. Kurasa zake, zaidi ya 300, zina masahihisho ya mkono wake, kwa Kijerumani.