Breki za Land Rover Kuukuu

Katika mji wa Isiolo palikuwa na kijana aliyenunua Land Rover kuukuu kwa fedha ya ng'ombe alioachiwa na babaye. Kila juma alipanda nayo Timau kuchukua viazi vya kuuza sokoni. Jioni moja alimwambia mjomba wake, mzee aliyeendesha magari miaka mingi, "Mjomba, breki hii nikiikanyaga mara moja huzama hata karibu na sakafu; nikikanyaga mara ya pili hushika. Basi mimi hukanyaga mara mbili."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza, "Na siku mtoto atakapokatiza njia, utamwomba angoje ile ya pili?"

Isiolo iko kimo cha mita 1,100 hivi juu ya bahari, na Timau imepita mita 2,000. Atokaye huko huteremka mwendo mrefu, na mzigo humsukuma mgongoni.

Kesho yake hawakusafiri. Mzee alieleza kwamba breki inayoinuka kwa kukanyagwa tena ni dalili kuwa viatu vyake vimelika, vikawa mbali na dramu. Ikiwa laini kama sifongo, hiyo ni hewa mabombani, na dawa yake ni nyingine.

Kijana akavuta breki ya mkono, akashika jeki. Mzee akamzuia. Katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika shafti nyuma ya giaboksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari laweza kuondoka na kumwangukia mtu. Wakayazuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, mbele na nyuma, ndipo wakainua. Kisha wakaachilia breki ya mkono na kutoa gia, ili gurudumu lizunguke.

Nyuma ya bamba la breki kijana alikigeuza kichwa cha kurekebishia kwa spana, kidogo kidogo, hata gurudumu likagoma. Akakirudisha kidogo, likazunguka huru. Akakanyaga breki ili viatu vikae mahali pake, akapima tena. Wakafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Alipokanyaga tena, mguu ulisimama juu mara ya kwanza.

Viazi vilichelewa siku moja, na sokoni hakuna aliyelalamika. Mwenye gari akizoea ubovu wa gari lake, ajali imekwisha kuanza.