Habari Zilivyotufikia Kota

Babu yangu alikuwa na maneno mengi, baba yangu alikuwa na machache, na mimi serikali ilinilipa mshahara nifunge mdomo. Nilikuwa mtu wa mawasiliano jeshini, wa simu ya upepo, tangu 1985 hadi nilipostaafu nikiwa Sajenti. Wengi wakisikia ukoo wa wanajeshi huuliza habari za bunduki. Kwetu bunduki haikuwa shida. Shida ilikuwa habari: nani kapata, nani kanyimwa, nani kachelewa kuambiwa.

Babu alikuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza. Waingereza walimchukua Unyamwezi akiwa kijana wakampeleka Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katikati ya masika na kufika mto Chindwin, pale Kalewa, Desemba 1944. Alipotusimulia, Wajapani hawakuchukua nafasi kubwa. Mvua, malaria na ruba ndivyo vilivyotawala hadithi. Barua zake aliandikiwa na askari mwenzake aliyejua kusoma, na kila barua ilifunguliwa na afisa kabla ya kuondoka. Basi zote zikawa na maneno yale yale: mimi mzima, nisalimieni wote, ng'ombe wanaendeleaje. Bibi alikuwa akienda kusomewa kwa mwalimu wa misheni. Akaishi hivyo mpaka mwenyewe aliporudi na makovu ambayo hakuna barua iliyoyataja.

Baadaye Tabora ilipopata kambi iliyopewa jina la Kalewa, babu alijivuna kama aliyepewa ubatizo. Halafu ikaja Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia tarehe 20, kwa ajili ya mishahara na maafisa wa Kiingereza walioendelea kuwaamuru baada ya uhuru. Kalewa nako wakafuata. Tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza walishushwa kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na jeshi lile likavunjwa. Babu aliudhika kwa sababu ambayo hadi leo hunichekesha: Waingereza kuitwa tena hakukumuumiza kama jina la Kalewa kuingia kwenye habari mbaya.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, baba aliingia. Mimi nikazaliwa kota. Mtoto wa kota hujua saa kwa tarumbeta, humwita kila mwanamume mwenye viatu vizito "afande", na huhama shule kabla hajakariri majina ya wenzake. Mama alikuwa na sanduku moja la bati ambalo hakulifungua lote kamwe, maana uhamisho hauombi ruhusa. Watu husema maisha hayo huwafanya watoto kuwa jasiri. Mimi nadhani hutufanya wepesi wa kuzoea na wazito wa kupenda, na miaka ya ndoa yangu ilinithibitishia hilo.

Vita vya Kagera vilinikuta nina miaka kumi na miwili. Baba, dereva wa lori, aliondoka na kikosi chake Novemba 1978, na kota ikabaki ya wanawake, watoto na redio. Radio Tanzania ilitwambia Kyaka, ikatwambia Masaka, na Aprili 1979 ikatwambia Kampala imeanguka. Tulipiga vigelegele bombani tulikokuwa tukichota maji. Lakini redio ilitaja miji; majina ya watu haikuwa kazi yake. Majina yaliletwa na Land Rover. Ikiingia kota, kila mwanamke alisimama palepale alipo, na mkono ukiwa na mwiko au nguo mbichi, akisubiri iegeshwe mlango gani. Nasema wazi, kwa kuwa nimekwisha kustaafu: ikiegeshwa kwa jirani, moyo ulifurahi kwanza, ndipo ukaona aibu.

Baba alirudi mwaka huohuo. Tulimuuliza Lukaya ilikuwaje, kule ambako barabara inapita kwenye vinamasi na mapigano yalikuwa makali. Akajibu, "Matope. Magari yalikwama." Miaka mingine yote hakuongeza sentensi. Baadhi ya wenzake wamezikwa Kaboya, na aliwahi kwenda huko bila kutuaga.

Nilipojiunga mwenyewe, mama alilia na baba akanunua soda. Nilipangiwa mawasiliano, na hapo nikajua upande wa pili wa ile Land Rover. Ujumbe ulipita sikioni mwangu ukaandikwa kwa mkono wangu, ukasainiwa, ukapelekwa, nami nikaenda mesi kula na watu ambao mmoja wao alikuwa na msiba asioujua. Kiapo ni kiapo. Sikuwahi kukivunja wala sijutii. Ila nimeondoka na msimamo mmoja ambao wakubwa wengine hawakuupenda: siri ya operesheni na taarifa ya msiba ni vitu viwili, na anayevichanganya hulinda ofisi yake, halindi nchi. Mke wa askari akisikia kwa muuza nyanya kwamba amefiwa, hakuna gwaride la heshima litakalomlipa.

Mwanangu naye aliingia. Desemba 7, 2017, kituo cha walinda amani cha Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, kilishambuliwa, wakauawa askari wetu kumi na wanne. Baadaye wakawa kumi na watano. Mwanangu alikuwa upande huohuo wa Beni. Ijumaa simu yangu ilijaa jumbe za kila aina, za pole na za uongo, na yake haipatikani. Mimi niliyezoea kushika ujumbe kabla ya mwenyewe nikawa mwisho wa foleni. Alipiga Jumamosi. Alikuwa kambi nyingine. Nilimgombeza kwa dakika nzima kabla ya kumshukuru Mungu.

Sasa mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita, ametoka JKT Mafinga kwa mujibu wa sheria, amekonda na anajua kwata kuliko hesabu. Anataka Monduli, awe afisa. Kaka hataki. Wameniletea shauri mimi, nami nimemwambia binti aende kama anapenda kazi yenyewe na mshahara wake, asiende kwa ajili ya babu wa Burma wala wa Lukaya, kwa sababu wao hawatamlindia zamu. Na kabla ya kuondoka aandike karatasi: nani aambiwe kwanza, na aambiwe na nani.

"Shangazi," akaniuliza, "nikitoka na nyota yangu utanipigia saluti?"

Uwanjani nitapiga. Jikoni kwangu ataosha vyombo.