Kila Kalamu na Mti Wake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka hulikumbuka neno hili kila jioni anapohesabu fedha zake, lakini sisi mafundi wa kazi za mkono aghalabu twalisikia kana kwamba halituhusu. Seremala hudhani kwamba kazi yake ni randa na msumeno, na kwamba kuandika ni kazi ya karani. Mimi nakereza kalamu za mti, karibu na Chuka, katika njia itokayo Embu kwenda Meru, na ningependa kuwaeleza wasomaji kwa nini karakana yangu ina daftari mbili, na kwa nini nazithamini sawasawa na patasi zangu.

Nchi yetu ya mashariki ya Mlima Kenya imejaliwa miti mingi iliyo mizuri. Juu, penye baridi, kuna muuru, ambao wauza mbao huuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni hata kidogo, bali ni wa ukoo mmoja na mfuu wa pwani. Mashambani kuna muringa, ambao wazee wetu walichonga kwao mizinga ya nyuki. Kuna mibuni mizee ing'olewayo, yenye mti mgumu na wa rangi nyeupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Na chini kabisa, katika joto la Mbeere, kuna mukau, ambao mchwa hawaupendi. Kila mti una uzuri wake ukisimama. Lakini ukishakatwa vipande vidogo na kulala rafuni miezi sita, ukipata vumbi, yote hufanana. Hapo ndipo taabu huanza.

Yafaa msomaji ajue kalamu hizi hufanywaje. Kipande hukatwa urefu wa sentimita 13 hivi na unene wa sentimita 2. Kisha hukatwa katikati kuwa viwili, kwa sababu kalamu ina mwili wa juu na mwili wa chini. Kila kimoja hutobolewa kwa keekee ya milimita 7, hutiwa ndani yake bomba jembamba la shaba kwa gundi, husawazishwa ncha zake, ndipo hupandishwa juu ya kerezo. Sasa tazama: ukiandika nambari ubavuni mwa kipande, kerezo huila pamoja na maganda ya kwanza. Ukiiandika nchani, chombo cha kusawazisha huifuta. Kazi yetu hii yafuta habari zake yenyewe kadiri iendeleavyo. Kwa hiyo nambari haiwezi kukaa juu ya mti. Hapana budi itembee kando yake.

Mimi hutumia makopo madogo ya bati. Kalamu moja, kopo moja, na ndani ya kopo kuna kadi yenye nambari. Kopo huhama pamoja na kazi kutoka msumenoni hadi kwenye keekee, kutoka kwenye keekee hadi kwenye kerezo, na halirudi rafuni mpaka kalamu imekwisha kusuguliwa kwa msasa na kupakwa nta. Mwili wa juu hulala upande wa kulia na wa chini upande wa kushoto, ili mistari ya mti ikutane tena kama ilivyokuwa kabla ya kukatwa.

Watu wa Embu na Meru hawastahili kuona ajabu juu ya mpango huu, maana tumekulia katika kahawa. Mama akipeleka buni kiwandani hupimiwa, huandikiwa kilo zake na nambari yake ya uanachama, naye haondoki penye mizani mpaka ameishika risiti mkononi. Anajua kwamba buni zake zikishachanganyika na za wenziwe katika mashine, hakuna awezaye kuzitambua tena. Kilichobaki ni maandishi tu. Mti nao ni vivyo hivyo.

Daftari ya kwanza ni ya miti. Kila gogo liingialo hupewa nambari, na mbele yake huandikwa ni mti gani, ulitoka kijiji gani, ulianguka au ulikatwa lini, ni nani aliyeupanda kama ajulikana, na nambari ya kibali chake cha kusafirishia. Chini yake hufuata mstari wa mizani. Mti mbichi una maji mengi nao hunywea ukikauka, bali shaba hainywei. Basi ukivisha mti mbichi juu ya bomba la shaba, hupasuka mfukoni mwa mnunuzi. Kila Jumatatu napima kipande kimoja cha kila gogo na kuandika gramu zake. Uzani usipopungua tena kwa majuma kadhaa mfululizo, najua kwamba mti umetulia. Macho hayawezi kuniambia hayo, wala vidole.

Daftari ya pili ni ya kalamu. Humo naandika nambari ya gogo na nambari ya kalamu, mathalan 12/4, yaani kalamu ya nne ya gogo la kumi na mbili. Tena msasa niliotumia, mafuta au nta, saa nilizofanya kazi, bei, na tarehe kalamu ilipotoka. Daftari hii ndiyo inionyeshayo kwamba mbuni huchukua muda zaidi kuliko muringa, na kwa hiyo bei yake ni mbali. Pamoja na hayo, kila gogo huachiwa kipande kimoja kisichouzwa, chenye nambari yake, kikae rafuni kama shahidi.

Liko jambo jingine lililo kubwa kuliko faida ya fundi. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitazama misitu ya Mlima Kenya kwa ndege, likakuta ukataji haramu wa miti ya asili ulioenea mahali pengi. Mwezi wa Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hayo hayakuwa juu ya mti wa shambani mwa mtu, lakini mnunuzi atatambuaje? Muuru ulioibwa msituni usiku na muuru ulioangushwa na upepo katika shamba la mjane hutoa kalamu zenye rangi moja na mng'ao mmoja. Hakuna ustadi wa kukereza uwezao kuzitenganisha. Kinachozitenganisha ni mstari mmoja wa wino, ulioandikwa siku gogo lilipoingia, wala si siku mtu alipokuja kuuliza. Muuru wa asili haupatikani po pote duniani ila katika milima hii yetu na jirani zake. Fundi asiyeweza kueleza alikoupata humsaidia mwizi, hata kama mikono yake mwenyewe ni safi.

Tena daftari huhifadhi mambo ambayo hayahusu mti peke yake. Mzee mmoja wa upande wa Runyenjes aliniletea gogo la muringa. Shamba lake lilikuwa likigawanywa kwa watoto wake sita, na mti ule ulisimama mahali mpaka mpya ulipopitishwa. Alitaka kalamu sita za mti mmoja. Nikamwuliza, kama niulizavyo kila mtu, ni nani aliyeupanda. Akaketi juu ya gogo lenyewe, akasimulia pole pole, nami nikaandika: ulipandwa na mama yake, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mashamba yalipokuwa yakikusanywa na kupimwa, ili apate kuwa na alama yake mwenyewe katika shamba lile, kwa maana jina lake halikuandikwa katika karatasi zake.

Ilikuwa mistari minne tu. Miaka kadhaa baadaye mzee alifariki. Binti yake mkubwa akaja kutaka kalamu nyingine, kwa kuwa yake ilipotea safarini. Nikatafuta nambari, nikakikuta kile kipande shahidi rafuni, nikaanza kazi. Yeye alipokuwa akingoja akaisoma ile mistari minne. Akaniuliza, "Fundi, ni nani aliyekuambia habari hizi?" Nikamjibu, "Ni baba yako, mama." Akanyamaza kitambo, kisha akaomba karatasi ainakili. Katika nyumba yao hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia neno hilo juu ya nyanya yao.

Wako mafundi wenzangu wasemao kwamba haya yote ni kupoteza wakati, na wengine husema kwamba simu yatosha. Simu ni nzuri kwa picha, nami napiga picha ya kila kalamu iliyokwisha. Lakini picha huonyesha rangi, haisemi mti ulitoka wapi. Na simu ikiibiwa au ikitumbukia majini, habari za miaka mitatu huenda nayo. Kuhusu wakati, kuandika kalamu moja hakupiti dakika tatu. Kumtafutia mteja gogo lisilo na jina hata siku nzima haitoshi.

Basi fundi kijana, uwe wa kalamu, wa vinyago au wa viti, usingoje mpaka uwe na karakana kubwa. Nunua daftari moja ya shule yenye jalada gumu, uiweke katika bati lenye kifuniko ili mchwa na unyevu visiifikie. Andika kwa wino, siku ile ile, na usimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Anza na gogo lililo mlangoni mwako leo. Yule aliyelileta angali hai, naye anakumbuka ni nani aliyelipanda. Muulize kabla hajaondoka.